Utamu wa Gari Jekundu

Siku ya soko mjini Kasongo, vumbi la parkingi hupanda mpaka kwenye meno. Motari, wale wabeba abiria na mizigo kwa pikipiki, wanapiga honi, wanawake wa Nyangwe wanapita na mabeseni ya samaki wakavu, na kila muuzaji anaamini sauti yake ndiyo itakayosikika. Ndani ya fujo hiyo Safia alikuwa amekaa nyuma ya meza yake ya chupa, mtoto wake Nuru mgongoni, kikwembe cha manjano na kijani kimefungwa vizuri kifuani. Alikuwa kadafi, muuza petroli ya chupa, na aliamini hakuna petroli iliyopita yake kwa usafi. Ndiyo maana kijana aliyesimamisha pikipiki mbele yake, akainua chupa moja kwenye jua, kisha akainusa huku amefumba macho, alimchoma moyo kabla hajasema neno.

"Unanusa nini? Iko mchuzi?"

"Pole, mama. Wengine wanachanganya na mafuta ya taa."

"Basi nenda kwa hao wengine."

Wanawake wa meza za jirani walicheka. Kijana naye akacheka, bila haraka, kama mtu anayekubali deni la mdomo wake. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, jambo la ajabu kwa mtu wa pikipiki, na viatu vyake vilikuwa vimeng'arishwa asubuhi ile ile ingawa udongo mwekundu ulikwisha kuvishika. Alieleza kwamba pua hiyo aliipatia Lubumbashi. Huko alikuwa shofere wa bosi mmoja aliyenunua gari la mbio, jekundu, la chini sana, kiasi kwamba paka akitaka kupita chini yake lazima afikiri kwanza. Petroli mbaya ikiingia tone moja, gari lile lilikohoa kama mzee.

Safia alitazama pikipiki yake, kiti kimefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli.

"Na sasa unaendesha nini?"

"Sasa naendesha mvumilivu."

Alinunua chupa mbili akaenda. Jua lilipoanza kushuka alirudi mikono mitupu, akasimama mbele ya meza kama mtu aliyeitwa na mwalimu. Akasema petroli ilikuwa safi, akasema alikosa heshima, akasema jina lake ni Atumani. Safia aliendelea kupanga chupa zake. Lakini jioni, alipokuwa akimuogesha Nuru, alijikuta anatabasamu kwenye povu la sabuni.

Ikawa hivyo. Atumani alikuwa akipeleka sabuni na chumvi Kabambare, akirudi na mchele na karanga. Wazazi wa Safia waliishi huko Kabambare, na baba yake, Mzee Djuma, alikuwa na magoti mabaya. Safia akaanza kumtuma Atumani: kilo ya sukari, dawa ya kuchua, kanga ya mama. Mzigo ulifika kila mara bila kupungua, na pamoja na mzigo alifika mtu.

Mzee Djuma aliendesha malori maisha yake yote kwenye njia hiyo ya Kasongo na Kabambare, enzi zile ilipokuwa bado inaitwa njia. Lori lake la mwisho halikuwa na breki kwa misimu mingi ya mvua. Alilisimamisha kwa vilima na kwa dua, na alipenda kusema kwamba dua zilishika vizuri kuliko vilima. Sasa alikaa barazani kwenye kiti chake cha mbao, akisikiliza kila mashine inayopita na kutaja ugonjwa wake. Alipojua kwamba motari wa binti yake aliwahi kuendesha gari la mbio, alimpigia Safia simu siku hiyo hiyo.

"Safia, uliniletea sukari ama uliniletea mutu?"

"Sukari, Baba. Mutu ni njia tu."

"Njia hii iko na maneno mazuri. Nimemuuliza: ile gari, utamu wake uko wapi? Akaniambia ni sauti. Nikamwambia sauti hata kinu iko nayo. Arudi na jibu lingine."

Atumani akarudi na jibu lingine. Safari ya pili alimwambia mzee kwamba utamu uko kwenye usukani: unageuza kidole tu na gari limeshageuka, na barabara inapanda mpaka kwenye vidole vyako, unajua hapa ni jiwe, hapa ni maji. Mzee alifikiri sana, kisha akakataa. Lori lake pia lilimwambia habari za barabara, alisema, ila lilimwambia kwenye figo. Safari ya tatu Atumani alimwambia utamu ni kile kiti cha chini, unakaa karibu na udongo mpaka magurudumu unayaona kama miguu yako mwenyewe. Mzee akajibu kwamba miguu yake mwenyewe anayo, na haina utamu wowote.

Hayo yote Safia aliyasikia usiku kwa simu, kutoka pande mbili. Atumani alipiga akiwa amelala kwa mwenyeji Kabambare, rezo, mtandao wa simu, ikikatika na kurudi, akimuuliza kwanza kama amekula, kisha kama Nuru amelala, kisha mambo yasiyo na maana ambayo Safia alikuwa akiyangoja tangu asubuhi.

"Shofere, umekataliwa tena?"

"Nimekataliwa. Lakini nimepewa chai."

"Na mimi nikikuuliza utamu uko wapi?"

"Wewe nitakupakiza, uone mwenyewe."

"Mimi sipandi kitu chenye mwendo. Watu wa mwendo nawajua. Wanajua kuondoka."

Alikuwa akisema kwa mzaha, na haukuwa mzaha. Baba wa Nuru alikwenda kwenye machimbo ya Lusangi kutafuta dhahabu, akaahidi kurudi kabla mtoto hajaota meno. Nuru sasa alikuwa na meno ya kutafuna mahindi, na Lusangi kulikuwa na mwanamke mwingine anayempikia yule bwana. Atumani alilijua hilo. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mchele ukishavunwa ataleta wazee wake kwa Mzee Djuma, kwa adabu, mchana kweupe. Safia alifunga simu bila kuaga. Kesho yake baba alipiga, anacheka peke yake: kijana ameomba muda, amesema jibu la nne liko tayari, atalileta safari ijayo.

"Akinipa jibu, nitampa mutoto wangu," alisema mzee. Hayo ndiyo yakawa maneno yake ya mwisho kwenye sikio la binti yake.

Siku chache baadaye, simu ya mama ilikuja wakati wa adhana ya alfajiri. Baba alilala na hakuamka. Mama hakulia kwenye simu, alisema tu mambo yanayopasa kusemwa: wataosha, watavisha sanda, wataswali baada ya alasiri. Imamu hatakubali kungoja zaidi.

"Kama unataka kumuona uso, njoo."

Kumuona uso. Safia hakuwa na kitu kingine kichwani alipokuwa akijifunga leso nyeusi na kumfunga Nuru mgongoni. Hakuwa amemuona baba tangu kiangazi kilichopita. Sauti aliijua, lakini uso ulianza kumtoka, na alitaka auone mara moja tu, kwa utulivu, kabla udongo haujaufunika. Atumani, aliyekuwa amerudi Kasongo juzi yake, alipigiwa simu na alikwisha kufika mlangoni. Alisema pole, akajaza tangi kwa chupa za Safia mwenyewe.

"Leo endesha kama ile gari yako," Safia alimwambia.

Atumani aliangalia anga. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Aliendesha. Palipokuwa pakavu alikimbia mpaka machozi ya Safia yakaruka pembeni badala ya kushuka. Penye matope aliteremsha miguu yote miwili na kusukuma kwa visigino, na kwenye vidaraja vya magogo alipunguza kabisa, akimwambia Safia amshike, amshike mtoto. Hawakusimama kula. Nuru alilia, akanyonya, akalala. Jua lilipopita utosini Safia alianza kuhesabu vilima vilivyobaki, na akaona wanafika. Wanafika kwa shida, lakini wanafika.

Wakaingia kijiji cha Wamaza. Kwenye nyumba ya kwanza tu, matawi ya mchikichi yalikuwa yamelazwa barabarani.

Kila mtu wa huku anayajua matawi hayo. Maana yake kuna maiti ndani. Unazima mashine, unashuka, unatembea mpaka utoke kwenye matawi ya upande wa pili, na ukipita mlangoni unasema pole. Sauti za wanawake zilisikika zikipanda na kushuka. Atumani alizima.

"Unafanya nini?" Safia aliuliza.

"Kuna kilio."

"Na mimi, naenda kwenye harusi?"

Nyuma yao ilikuja pikipiki nyingine yenye magunia mawili. Haikusimama. Ilizunguka matawi kwa kupita majanini, dereva ameinamisha kichwa, moteri inanguruma mbele ya mlango wenye msiba, ikapotea.

"Pita kama yule. Atumani, nakuomba. Watu hawa hawatujui."

"Siwezi, Safia. Shuka tutembee."

Alishuka kwa sababu hakuwa na la kufanya. Kijiji kile ni kirefu, kimejipanga kando ya njia kama watu wanaongoja ugawaji, na siku hiyo kilikuwa kirefu zaidi. Atumani alisukuma pikipiki kwenye matope, mfuko wa Safia ukiyumba nyuma, shati limemganda mgongoni. Penye nyumba ya msiba aliegesha, akavua kofia, akaingia kwenye kivuli cha turubai kuzungumza na wafiwa. Safia alisimama njiani na Nuru mgongoni. Hakutazama ndani. Alitazama jua.

Walipofika Kabambare walikutana na wanaume wakirudi kutoka makaburini, majembe begani, udongo mbichi miguuni. Baba mdogo wa Safia alikuwa mbele. Alimkumbatia, akamwambia walingoja mpaka imamu akawakemea, akamwambia wameacha kaburi sasa hivi.

Safia hakulia. Alimgeukia Atumani pale pale, mbele ya wanaume wote.

"Ulikuwa na moteri. Ulikuwa na petroli yangu mwenyewe. Ukasimama kwa maiti ya watu, nikakosa uso wa baba yangu." Kisha, polepole: "Gari yako ni ya mdomo."

Atumani alisema neno moja, nisamehe, na halikupokelewa. Alikaa kwenye msiba na wanaume, akichota maji, akipasua kuni, akila mwisho. Siku ya kutandua matanga alipakia mchele wa watu akarudi Kasongo. Hakuna aliyemsindikiza.

Safia alibaki Kabambare mpaka arobaini. Mama yake alikuwa ndani, kwenye eda, amevaa nyeupe, na mtu wa kupokea wageni alihitajika. Kiti cha mbao kilibaki barazani. Pikipiki ikipita, Safia alikitazama kiti kama kwamba kitataja ugonjwa wake. Simu ililia usiku mwingi, jina lile lile, na yeye aliiweka chini ya mto ikiwa inatetemeka. Mara moja tu aliipokea.

"Safia."

"Sema."

"Nilitaka tu kujua kama Nuru iko muzuri."

"Iko."

Simu ikakatika. Hakujua kama ilikuwa rezo au kidole chake mwenyewe. Alikaa gizani akijiambia kwamba ameshawahi kuachwa na mtu wa mwendo, na sasa ameangushwa na mtu wa pole, na kwamba huenda hakuna mwanamume anayefika saa inayotakiwa. Mama yake, kutoka upande wa pili wa pazia, aliuliza nani alikuwa akipiga. Safia akasema hakuna. Mama akasema huyo Hakuna anapiga sana.

Siku ya arobaini nyumba ilijaa. Kisomo kilianza mapema, harufu ya pilau ikachanganyika na ubani, na Safia, kwa kikwembe chake cha zambarau ambacho baba alimnunulia zamani, alikuwa akigawa maji alipoona wanawake watatu wageni wamesimama penye ua. Walikuwa na matope mpaka magotini. Mmoja alivaa kitambaa cheusi kichwani na rozari shingoni, na aliuliza kwa sauti ndogo ni nani anaitwa Safia.

"Ni mimi. Karibuni, mama."

"Mimi ni Marie-Thérèse, wa Wamaza. Huwezi kunijua. Ile siku hukuniangalia."

Hakusema kwa kulaumu. Safia alimletea mkeka, lakini mwanamke alibaki amesimama, kama aliyebeba kitu asichotaka kukimwaga kabla ya kukifikisha.

"Mutoto wangu alikuwa amelazwa mule ndani, kwenye mkeka. Toka asubuhi piki zilikuwa zinapita kwa nguvu, na kila moja ikipita mkeka unatetemeka. Nikafikiri, hawa watu wanaona ni mbuzi ndiye amekufa. Kisha moja ikanyamaza. Nilisikia ile kimya, nikatoka nione nani. Bwana wako akaniambia: huyu mama tunampeleka akamzike baba yake, lakini tumeona matawi yenu. Nikakuona pale njiani, umebeba wako mgongoni. Mimi wangu nilikuwa nimemshusha mgongoni mara ya mwisho."

Safia alishika nguzo ya baraza.

"Mama, mimi sikutaka kushuka."

"Najua. Niliona uso wako." Marie-Thérèse alimshika mkono. "Lakini ulishuka. Nikasema, arobaini ya baba yake, na mimi nitatembea."

Walikuwa wamelala njiani. Siku waliijua kwa Atumani, ambaye tangu msiba ule hapiti mlangoni mwao bila kuzima na kusalimia, ingawa matawi yaliondolewa zamani. Walikuwa wameleta beseni la karanga na la unga wa muhogo. Safia aliuliza mizigo iko wapi. Marie-Thérèse akaonyesha kwa kidevu, chini, upande wa kijito. Mizigo imepanda na Atumani kwenye piki, akasema, ameizima tangu kule mtoni na kuisukuma. Amekataa kuingia. Anasema hana ruhusa.

Safia alimchukua Nuru mkononi akateremka.

Atumani alikuwa amesimama kando ya pikipiki, mabeseni mawili yamefungwa nyuma, shati lile jeupe limefuliwa mpaka limekuwa jembamba. Alikuwa amekonda. Nuru alimuona, akanyoosha mikono, na hiyo iliwasaidia wote wawili kwa muda.

"Kwa nini hukuingia?"

"Hukunikaribisha."

Kutoka juu ilisikika sauti ya watu wakiitikia dua. Walingoja mpaka ikapungua.

"Uso wa baba sikuuona, Atumani. Hiyo haiondoki."

"Najua. Sikuja kuiondoa."

Safia alipangusa pua ya mtoto kwa ncha ya kikwembe, akachukua muda mrefu kuliko pua ilivyohitaji.

"Baba alikuwa anangoja jibu la nne."

"Nilikuwa nalo."

"Nipe mimi."

Atumani alikaza kamba ya mabeseni. Kisha alimweleza jinsi bosi wake alivyompa ufunguo wa gari jekundu siku ya kwanza, kwenye lami ya kwenda Likasi, na jinsi alivyoogopa. Alikanyaga kidogo, gari likaruka kama limepigwa. Akajiambia, hili siliwezi. Bosi akamwambia ajaribu kwanza kulisimamisha. Akakimbia, akakanyaga freni, breki zake, na gari zima likapiga magoti barabarani, sawa kabisa, bila kuyumba, bila kulia. Akarudia tena na tena, watu kando ya barabara wakafikiri ni wazimu.

"Toka hapo woga ukaisha," alisema. "Nikasikia ile sauti vizuri, na volani inayogeuka kwa kidole, na kiti, vyote. Kumbe utamu ulikuwa unangoja kwenye freni. Unakimbia na roho imetulia, maana unajua mbele pakiwa na mutu, itasimama."

Safia alikuwa akilia, na ndani ya kilio kicheko kidogo kilimponyoka, cha kwanza tangu alfajiri ile.

"Baba angesemaje?"

"Angekataa."

"Hapana. Angenyamaza. Kisha angeuliza sukari yake iko wapi."

"Nimeileta," Atumani alisema, akagusa mfuko uliofungwa juu ya mabeseni, kilo moja, kama siku zote.

Safia aliutazama mfuko ule. Kisha akamkalisha Nuru kwenye kiti cha pikipiki, kati ya mikono ya Atumani, na yeye mwenyewe akaenda nyuma, akaweka viganja vyake kwenye mabeseni.

"Baba mdogo iko ndani," alisema bila kumtazama. "Lile neno la wazee wako, umuletee yeye. Kula kwanza. Mimi bado sijasema ndiyo."

"Nimesikia, Mama Nuru."

"Sukuma, shofere."

Wakapanda kilima, Atumani anavuta, Safia anasukuma, moteri imezimwa. Nuru peke yake, ameshika usukani kwa mikono yake midogo, alinguruma kwa mdomo mpaka mate yakamtoka, na watu waliokuwa barazani wakageuka. Baba mdogo alisimama na sahani mkononi. Nyuma ya dirisha pazia jeupe lilisogea kidogo. Marie-Thérèse alijipangusa macho kwa kitambaa cheusi na kuwasogezea njia.

Walipofika mbele ya kiti cha mbao, kitupu, chenye jua la mchana juu yake, Safia alisema, "Simama hapa."

Atumani alibana breki, na pikipiki ikasimama pale pale.